Meno Niliyopika Mlimani

Jumapili iliyopita, baada ya ibada pale Takoma Park, niliwaambia kwamba niliwahi kutengeneza meno ya mtawa wa Kibudha, mkacheka. Mmoja wenu akaniuliza kwa Kiingereza kama huyo mtawa alikuwa hai wakati huo. Alikuwa hai, tena mkorofi kidogo. Mchungaji ameniomba niwaandikie habari za kazi yangu kwa kuwa baadhi yenu mnaanza masomo ya afya, na nimekubali kwa sababu siku hizi nina muda mwingi kuliko watu wa kuutumia nao. Nitaandika kadiri ninavyokumbuka. Msinidai mpangilio.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza meno bandia. Kung'oa na kuziba ni kazi ya daktari. Mimi nilikuwa fundi wa maabara, yule ambaye mgonjwa hamwoni. Daktari anachukua chapa ya taya, anaitia kwenye kisanduku chenye jina na namba, dereva anakileta. Mimi natengeneza, kisanduku kinaondoka. Nilikaa hivyo miaka mingi Hyattsville, katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya ghala la matairi. Nimetengeneza vinywa vya watu wasiohesabika na sikuwahi kuona hata mmoja wao akitafuna.

Aliyenifundisha kazi upya nilipofika Marekani ni Papa Selestini, Mkongo wa Lubumbashi. Nasema upya kwa sababu nilijiona nimeshajua. Nilikuwa nimejifunza Dar es Salaam, katika karakana ya hospitali, na huko tulipanga meno yakanyooka kama vigae. Kazi yangu ya kwanza Hyattsville ilikuwa meno ya juu ya bibi mmoja. Niliyapanga kwa rula. Baada ya wiki yakarudi na karatasi ya daktari: mgonjwa anasema hayana kasoro, ila si yake. Nilikasirika. Papa Selestini akayageuza mkononi, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, akiniita mdogo kwa Kifaransa, "Petit, unaangaria meno, hauangarie mutu."

Aliniagiza niombe picha ya yule bibi alipokuwa msichana. Ilipokuja, tuliona jino moja la mbele limempanda mwenzake kidogo. Nikarudia kazi, nikalipandisha jino. Bibi hakuyarudisha tena. Tangu siku hiyo sikupanga meno ya mtu bila kwanza kuomba picha yake ya zamani, na madaktari wengine walinichoka kwa ajili hiyo. Mkishika kazi yoyote inayohusu mwili wa mtu, ombeni picha.

Siku hizi najua mambo yamebadilika. Kijana anaingiza kijiti chenye kamera kinywani, kompyuta inachora, mashine inachapa meno kama inavyochapa karatasi. Siilaumu. Mgongo wangu ungeishukuru. Lakini nimeona meno ya mashine hizo, na mengi yamenyooka kama yale niliyoyapanga kwa rula.

Mke wangu Tumaini alifariki nikiwa bado kazini. Binti yetu Neema alikuwa ameshahamia Arizona, ana kazi yake na watu wake. Alikuja kwa mazishi, akakaa, akaondoka. Simlaumu yeye pia. Baada ya hapo nilikuwa nikishuka basi jioni, nafungua mlango wa nyumba, nawasha redio kabla ya kuwasha taa. Neema alinipigia simu kila Jumamosi. Mimi naongea Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, kila mmoja anaelewa karibu yote. Hiyo karibu yote ina nafasi katikati yake ambayo sikuwahi kujua jinsi ya kuiziba.

Katika wakati huo alikuja Dakta Hellen, daktari wa meno wa Alexandria ya hapa Marekani ambaye maabara yetu ilimfanyia kazi. Yeye na wenzake walikuwa wakienda kila kiangazi Ladakhi, kaskazini kabisa mwa India, kwenye milima mirefu, wakizunguka katika nyumba za watawa kutibu meno. Alisema wazee wengi kule hawana meno kabisa, na daktari bila fundi hawezi kuwasaidia. Akaniuliza kama ningeweza kwenda. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Msidhani ilikuwa huruma. Ni kwamba kulikuwa na mtu aliyeniuliza jambo.

Mimi ni mtu wa Makete, juu huko Njombe, ambako asubuhi nyasi zina barafu, kwa hiyo nilijigamba kwenye ndege kwamba milima naijua. Monasteri ya kwanza ilikuwa imebandikwa juu ya jabali, nyeupe, na chini yake ngazi za mawe. Nilipofika kama ngazi ya kumi nikakaa chini, moyo unapiga masikioni. Mtawa mmoja, mzee kuliko mimi, akanipita amebeba mtungi wa gesi mgongoni, akanisalimu kwa heshima. Sikujigamba tena.

Kule nilijifunza mambo madogo ambayo yatawafaa mkienda. Vueni viatu mlangoni. Mkizunguka mahali patakatifu, pawe upande wenu wa kulia. Msinyooshe miguu kuelekea altare. Wakikupa chai yao ya siagi na chumvi, ukimaliza kikombe wanakijaza, ukimaliza tena wanakijaza tena; usipoitaka, kiache kimejaa, wataelewa na hawatachukia. Mimi nililielewa hilo baada ya vikombe saba.

Na la kazini: ule unga tunaokoroga na maji ili kupiga chapa ya taya huganda upesi katika chumba chenye joto. Kule nilitumia maji ya mto yaliyotoka kwenye theluji. Mtawa alikaa na mdomo wazi, ute unamchuruzika kidevuni, tunasubiri, tunasubiri, unga haugandi, na wenzake kumi wamesimama mlangoni wakimtazama. Kesho yake nilianza kutembea na chupa ya maji kwapani ili yapate uvuguvugu. Ikawa ndiyo desturi yangu.

Monasteri ya mwisho ilikuwa ya juu kuliko zote. Gari lilipanda siku nzima, na tulipofika hakukuwa na mti hata mmoja, ni mlima mkavu na anga. Huko ndiko nilikokutana na Meme Norbu. Meme kwa lugha yao ni babu. Alikuwa kiongozi wa sala, yule anayeanza kuimba kwa sauti nzito ndipo wengine wamfuate, na alikuwa ameishika kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko umri wa watawa wengi mle ndani. Meno yalikuwa yamemwisha. Sauti bado ilitoka kifuani kama ngoma, lakini maneno yalifika mdomoni yakageuka uji. Aliyenieleza hayo ni Stanzin, mtawa wa makamo aliyesoma Delhi na kujua Kiingereza kizuri. Sikukuu yao kubwa ilikuwa imekaribia, na Meme alitaka meno kabla yake.

Magoti hayakumruhusu kushuka hadi mjini tulikokuwa na vifaa vyetu vizuri, kwa hiyo nikaamua kuyatengenezea pale pale. Na hapa ndipo lilipo kosa langu. Nawaomba mlisome vizuri.

Meno bandia hupikwa. Ile sehemu ya rangi ya waridi inayokaa juu ya ufizi huanza kama unga na maji makali yenye harufu. Unavichanganya vinakuwa donge, unalishindilia ndani ya kikasha cha shaba chenye plasta, unakikaza, unakitumbukiza kwenye maji. Joto lipande polepole, na mwishoni maji yachemke sana, ili yale maji makali yaishe yote ndani ya donge. Yakibaki, yanatoka kidogo kidogo kinywani mwa mtu na kumuunguza.

Nilipika katika jiko la monasteri. Nilitazama mapovu, nikaona yanachemka, nikahesabu muda wangu kama siku zote. Meno yalitoka mazuri. Nilimvalisha Meme Norbu, akajitazama kwenye kioo cha gari la Dakta Hellen, akanishika mkono. Asubuhi tukaondoka.

Nilirudi Hyattsville, kwenye redio na visanduku vyangu. Majira ya baridi yalipoanza, Stanzin akanitumia ujumbe kwenye simu. Aliandika kwa adabu sana, ndiyo maana nilihitaji kuusoma mara mbili. Meme aliyavaa yale meno sikukuu yote. Kinywa kilimuwaka tangu siku ya kwanza, naye hakusema, kwa sababu mgeni alitoka mbali kumletea. Sikukuu ilipokwisha ufizi ulikuwa vidonda vitupu. Alipata homa, hakula siku kadhaa, sauti ikamkauka. Wakamweka mtawa mwingine aongoze sala. Stanzin alimaliza kwa kuniuliza kama kuna dawa ya kusafishia meno hayo.

Jioni ile nilikwenda kwa Papa Selestini, ambaye alikuwa ameshastaafu akiishi vituo vichache kutoka kwangu. Nilimweleza hatua kwa hatua: unga, donge, kikasha, maji. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Maji ilichemka kwa degré ngapi?"

Nikamwambia nyuzi sikuzipima, ila yalichemka, niliona mapovu. Akanitazama, ndipo nikamwona mama yangu Makete, anainjika maharagwe alfajiri ili yaive jioni, akisema maji ya huku juu yanadanganya, yanachemka kabla hayajawa moto. Nilizaliwa na jambo hilo. Sikuwa na haja ya kulisoma popote. Juu kule, karibu na anga, maji yalipiga mapovu na joto lake halikutosha, na kipimajoto changu kilikuwa ndani ya begi, sikukitoa, kwa kuwa fundi wa miaka mingi hahitaji kupima.

Dakta Hellen hakwenda mwaka uliofuata. Goti lake lilifanyiwa upasuaji. Nikachukua likizo yangu nikaenda peke yangu. Neema aliponisikia kwenye simu akaniuliza kwa Kiingereza ninakwenda kwa nani. Nikamwambia kwa mgonjwa wangu. Akasema mimi si daktari. Nikasema ndiyo.

Dawa ya maji ya mlimani ni sufuria ya presha, ile inayofungwa mfuniko ukakaza na kupiga filimbi. Ndani yake joto hupanda hata kama uko mbinguni. Nilinunua kubwa, nikaibeba kutoka Hyattsville hadi Ladakhi. Kila uwanja wa ndege waliifungua. Mmoja wa wakaguzi aliniuliza ninakwenda kupika nini, nikasema meno, na hilo liligharimu karibu saa nzima. Nilipofika juu, nikaingia jikoni kwa watawa nimeikumbatia kama mtoto, nikazikuta sufuria za presha tano zimepangwa rafuni. Kumbe kule hakuna jiko lisilo nayo, wangepikaje wali? Mwaka uliotangulia nilichemshia meno karibu na rafu ile ile, na sikuinua macho.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima. Meme Norbu alikuwa amekaa juani nje ya chumba chake, amekonda. Nikapiga magoti, nikamwambia Stanzin atafsiri: kosa lilikuwa langu, si la meno, si la mwili wake, sikupima. Stanzin akatafsiri kwa muda mrefu kuliko nilivyosema. Mzee akaingiza mkono ndani ya vazi lake, akatoa yale meno yamefungwa kwenye kitambaa, akanipa, akasema kitu. Stanzin akanitafsiria.

"Anasema, safari hii yawe meupe zaidi."

Hakusema jambo jingine lolote juu ya lile kosa, siku ile wala baadaye.

Nilikaa wiki tatu. Naweza kuwaambia kwamba sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa kule, na nimezika mke. Kengele ikilia kila mtu anajua anakokwenda na mahali pake pa kukaa. Mimi nasimama na viatu mkononi. Chumba cha wageni kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha linalotazama mlima usio na kitu. Stanzin alikuwa na kazi zake. Tulionana saa moja kwa siku. Jumapili nilipanda juu ya paa nikasoma Zaburi kwa sauti, si kwa utakatifu, bali nisikie Kiswahili. Nilipomaliza niligeuka, nikamkuta Meme Norbu amesimama nyuma yangu na mkongojo wake. Akanionyesha kwa mkono niendelee.

Hivyo tukawa tunakaa pamoja mchana, watu wawili wasio na hata neno moja la pamoja. Nilichonga ile sehemu ya nyuma ya meno ya mbele, mahali ulimi unapogusa, kwa karatasi ya msasa, kidogo kidogo. Pakiwa panene sauti inakwama. Pakiwa pembamba inapiga mluzi. Kwa kawaida tunampima mtu kwa kumwambia ataje namba zenye sauti kama *s*, kwa hiyo nikamfundisha kusema sitini na sita. Mara ya kwanza ilitoka na mluzi. Nikachonga. Mara ya pili mate. Nikachonga tena. Siku ya tano au ya sita akaisema safi, akajisikiliza, kisha akavuta pumzi, akaishusha ile sauti yake kutoka kifuani, akaimba sitini na sita, sitini na sita, kama sala, ua mzima ukatetemeka. Watawa walitoka vyumbani kuona ni andiko gani hilo. Alikuwa anacheka mwenyewe mabega yakitikisika, na mimi nililazimika kugeukia ukuta.

Nilipika kwa siku nzima: saa nyingi za uvuguvugu, kisha presha, kipimajoto mkononi. Mpishi alinikataza nisitumie sufuria yao ya wali, kwa hiyo ile ya Hyattsville ikapata kazi. Kabla ya kumpa niliyalaza meno kwenye maji siku mbili, nikayanusa, nikayaweka mwenyewe juu ya ulimi wangu nusu saa. Hayakuunguza. Yalikuwa meupe kuliko nilivyopenda, lakini sikuwa na picha yake ya ujana ya kubishania, hakuwahi kupigwa yoyote.

Mtakuwa mnasubiri niseme alirudishiwa nafasi yake. Yule mtawa aliyewekwa badala yake alimwendea akamwomba arudi mbele. Meme alikataa. Alisema mwenzake ameshajifunza, na kumwondoa mtu aliyejifunza ni hasara kwa wote. Asubuhi yangu ya mwisho nilikaa nyuma ya ukumbi kusikiliza. Kiongozi mpya alianza, na kutoka safu ya tatu ikapanda sauti nyingine chini ya yake, maneno yake kamili, kila herufi mahali pake. Sikuelewa hata moja. Nilizisikia zote.

Tulipoagana alimtuma Stanzin aniulize nyumbani kwangu kuna nani. Nikasema hakuna. Akaitikia kwa kichwa, akanifunga kitambaa cheupe shingoni, akaingia ndani. Nilitegemea neno la faraja. Halikuja, na nilipokuwa garini niliona afadhali halikuja.

Nilistaafu. Papa Selestini akarudi Lubumbashi kwa watoto wake. Meme Norbu alifariki katika majira ya baridi ya pili baada ya safari ile, na theluji ilipoyeyuka barabara ikafunguka, nilipokea kifurushi. Stanzin aliandika kwamba vitu vya marehemu hugawiwa: vazi limepata mtu, kikombe kimepata mtu, tasbihi imepata mtu. Meno hayakuweza kurithiwa na yeyote, na hawakutaka kuyachoma kwa kuwa ni kazi ya mikono yangu.

Niliyaweka kwenye meza ya jikoni, nikachukua miwani yangu ya kazi. Kwa miaka yote ile sikuwa nimeona meno yangu baada ya kutafuniwa muda mrefu. Magego yalikuwa yamelika, ya kulia zaidi; alitafunia kulia, tena kwa nguvu, shayiri za kukaanga na aprikoti kavu, yale matunda madogo ya kule. Hilo lilinifurahisha. Lakini jino moja la mbele lilikuwa na pengo dogo jembamba kwenye ncha, kama limekatwa na wembe. Pengo kama lile nililiona zamani Dar es Salaam, kwenye vinywa vya mafundi cherehani wanaokata uzi kwa meno. Nikamwandikia Stanzin: je, Meme alikuwa anashona?

Jibu lilikuja kesho yake, nikiwa nimesimama karibu na sinki. Stanzin aliandika kwamba tangu alipoacha kuongoza sala, Meme alikaa kila mchana juani akiwashonea wenzake mavazi yaliyochanika. Mkasi ulikuwapo pembeni yake. Lakini kila alipotaka kukata uzi aliinua kichwa kwanza, akangoja hadi watu wote wamtazame, ndipo akaukata kwa yale meno meupe.

Nilicheka kwa sauti, mkono mezani, hadi machozi yakanitoka, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza ninacheka nini.